Esnath na Sauti ya Kwenye Flashi

Baba Mchungaji, wafiwa, na ninyi nyote mliopanda na baridi hii hadi hapa Matembwe, kamwene. Mimi ni Timoth, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada.

Esnath alizaliwa hapa Matembwe tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa mzee Abrahamu na mama Ema, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1987 hadi 1993, na kwenye hesabu hakuwa wa kutisha, ila ikifika zamu ya kuimba mwalimu alimtoa mbele hata kama hana viatu.

Mwaka 1998 alikwenda Makambako kujifunza ushonaji, akawa fundi pale sokoni, akaingia kwaya ya usharika, na tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu Edward, wakajaliwa watoto wawili, Jasmine na Brayson.

Mwaka 2012 kwaya ilirekodi wimbo wake, Kule Hakuna Baridi, na mnaujua, mnaupiga harusini na kwenye mabasi, na mwaka huu vijana wameufufua kwenye simu zao. Ile sauti ya kwanza ni ya Esnath.

Mwaka 2016 alifanyiwa upasuaji wa tezi la shingo, akapona, ila sauti haikurudi, ikabaki ya kunong'ona, na kwa kuwa kwaya ilishaanza kuimba kwa flashi, wimbo unatoka kwenye spika na waimbaji wanachezesha midomo tu, alisimama mbele miaka yote hiyo akichezesha midomo juu ya sauti yake mwenyewe, mkampigia vigelegele, na mlipomsalimia akaitikia kwa kichwa mkasema staa anaringa. Hakuwa anaringa, alikuwa akifika nyumbani analia. Aliwafuata mabinti wa kwaya wajifunze sauti ile, wakamjibu, dada, ya nini kuhangaika wakati flashi ipo.

Mwaka jana tezi lilirudi likiwa saratani, akalazwa Njombe, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025 alfajiri akafariki, akiwa amemnong'oneza Jasmine ombi moja tu, kwamba siku ya kuzikwa aimbiwe wimbo ule kwa midomo ya watu, flashi isiguswe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Makambako na wa hapa kijijini, mafundi wenzake walioshona sanda, pamoja na wanakwaya.

Kuhusu ombi lake niseme ukweli, wanakwaya wamejaribu jana jioni, wamekwama ubeti wa kwanza, hakuna hata mmoja anayeijua sauti ile, kwa hiyo jeneza likiinuliwa fundi mitambo atabonyeza, na dada atajiimbia mwenyewe hadi kaburini. Tumeshindwa, dada, na inatuuma sana. Pumzika kwa amani, leo hatukudai hata uchezeshe midomo.