Kibanio Kimoja Upande wa Nje

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, jana saa tatu asubuhi ubao unaouona ukutani ulikuwa na vibanio vya nguo thelathini na nane upande ulioandikwa NDANI, na kimoja upande ulioandikwa NJE. Hicho kimoja kilikuwa kimekaa huko miezi mitatu.

Karibu sana kwetu. Kiti ulichokalia siku nyingine huwa cha mgonjwa. Utuwie radhi, ndicho pekee chenye miguu yote minne.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake thelathini na tisa tunaofanya biashara ya ngono katika gesti za mtaa huu, zaidi mchana, maana ndio muda ambao madereva wa malori hupumzika. Chumba hiki kilikuwa stoo ya zahanati. Muuguzi wetu alikiomba miaka miwili iliyopita, baada ya mwaka ambao tulizika wenzetu wawili bila mtu kujua walikuwa wametoka na nani. Hapa tunapata kondomu, vipimo na matibabu bila kusutwa. Na tunapata ubao.

Anayekwenda na mteja huhamishia kibanio chake NJE, akaandika kwa chaki gesti, namba ya chumba na saa ya kurudi. Akirudi hukihamisha mwenyewe. Dakika ishirini zikipita baada ya saa hiyo, anapigiwa simu. Asipopokea, wawili huenda kugonga mlango wakisema wameleta mashuka. Tangu ubao uanze, hatujazika mtu.

KOSA LETU

Alhamisi moja, miezi mitatu iliyopita, tuliambiwa mkaguzi angefika saa nane mchana kuamua kama chumba kirudishwe kuwa stoo. Mwenzetu tunayemwita Msafi, ambaye akiona kijiko kichafu hata cha jirani mkono humwasha, alipiga deki, akafuta meza, kisha macho yake yakatua kwenye ubao. Aliuona umekaa ovyo. Saa saba na nusu akafuta chaki kwa kitambaa chenye maji, akapanga vibanio vyote NDANI, kwa rangi zake.

"Mgeni akiingia aone watu wenye mpangilio," alisema.

Tulimsifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkataza.

Mkaguzi hakuja. Saa tisa kasoro dakika kumi muuguzi akauliza, "Mama Pacha yuko wapi? Nampima presha leo."

"Yupo," Msafi akajibu. "Kibanio chake kiko Ndani."

"Kibanio nakiona, dada. Nakuuliza mtu."

Msafi alitazama ubao, akatazama kitambaa mkononi mwake. Kilikuwa bado na weupe wa chaki. Katika yote aliyoyafuta alikumbuka mstari mmoja tu, kwa sababu Mama Pacha huandika kumi na moja kama vijiti viwili vilivyolala.

"Kumi na moja," alisema. "Gesti ya mbele ya gereji. Twende."

Mama Pacha alipaswa kuwa amerudi saa nane na robo. Yeye na muuguzi walifika mlangoni saa tisa na dakika tatu. Walisema wameleta mashuka. Sauti ya mwanamume ikajibu, "Hatujaagiza." Mhudumu wa gesti alifungua kwa ufunguo wa akiba. Mwenzetu alikuwa amefungiwa ndani, simu imechukuliwa, mdomo umepasuka, na mteja alikuwa amevua kondomu kwa nguvu. Mhudumu na mafundi wawili wa gereji walimshikilia huyo mwanamume mpaka askari walipofika. Kituoni, kwa mara ya kwanza, mmoja wetu aliandikwa kuwa mlalamikaji. Kesi iko mahakamani.

Waliporudi chumbani jioni, Msafi alinyoosha mkono arudishe kibanio mahali kilipopaswa kuwa tangu mwanzo, yaani NJE, ili mwenyewe akihamishe. Kabla hajakibana, Mama Pacha alikichukua akakibana NJE mwenyewe.

"Kiache hapo," alisema. "Nitakirudisha nikijua nimerudi mzima."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nimekusikia. Ila kitambaa chako kisiguse tena ubao huu."

MAFANIKIO

Barua yako ya mwezi uliopita, inayosema chumba kinabaki, tumeisoma kwa sauti mara tatu. Mara ya pili alisoma muuguzi, kwa sababu tulidhani msomaji wa kwanza ameongeza maneno. Tumelala vizuri tangu siku hiyo.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio kama lile huanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa sabini na mbili. Kwa sasa zinatunzwa hospitali kubwa tu. Siku ile, baada ya kituoni, muuguzi na Mama Pacha walifika huko saa kumi na moja jioni. Mwenye funguo za dawa alikuwa ameondoka. Kidonge cha kwanza kilimezwa kesho yake saa tatu asubuhi. Alivimeza vyote, siku ishirini na nane. Tunaomba kasha moja la dawa hizo likae katika kabati la chumba hiki, na ufunguo kwa muuguzi. Tunaomba pia muuguzi awepo siku tano badala ya mbili. Mama Pacha alikuwa na bahati kwamba ilikuwa Alhamisi.

Leo hatukuupanga ubao kwa ajili yako. Ukiona vibanio viko NJE ukiwa umekaa hapo, ni wenzetu walio kazini, na saa zao zimeandikwa.

Mungu akuzidishie afya, akupe na mkono mwepesi wa kusaini.

Jana saa tisa alasiri, muuguzi alimsomea Mama Pacha majibu ya kipimo cha VVU cha baada ya miezi mitatu: hana maambukizi. Mama Pacha alimwita Msafi asimame karibu. Saa tisa na dakika kumi na mbili, kibanio cha thelathini na tisa kilihamia NDANI.

Ni sisi,
Wanawake wa Chumba cha Nyuma