Mama Rudia, Aliyeifanya Serikali Iombe Radhi Mtaani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ofisi ya Malalamiko Dhidi ya Polisi, Mama Rudia anastaafu rasmi Ijumaa hii. Jina hilo alibandikwa na wapelelezi wenyewe, maana kila aliyeitwa kujieleza mbele yake aliambiwa arudie, na akifika mara ya tatu jasho lilikuwa linamtoka.

Alianza mapokezi, akasoma sheria jioni baada ya kazi, akapanda hadi kuwa mkuu wa uchunguzi. Milango hakuwahi kuifunga taratibu. Sisi vijana wake tulimwogopa, kisha tukampenda, na bado tunamwogopa kidogo.

Kazi iliyomtangaza ni ile ya fundi cherehani aliyefungwa kwa unyang'anyi. Ushahidi wote ulikuwa kidole cha muuza maziwa mmoja, mama aliyeporwa, kisha akaitwa kituoni amtambue mwizi kati ya wanaume waliopangwa mstari. Mke wa fundi alipoleta malalamiko, polisi walijibu kwamba kila kitu kilifuata utaratibu. Mama Rudia alimwendea muuza maziwa, akamwomba asimulie, arudie, arudie tena. Mara ya tatu mama wa watu akasema alimchagua yule aliyekuwa pekupeku. Mahabusu huvuliwa viatu; wale wengine mstarini walikuwa askari waliovaa kiraia, viatu vinang'aa. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia nao wavue.

Wakili wa Serikali alishikilia kwamba kasoro ndogo ya kituo haidaiwi fidia. Mama Rudia alimkomalia hadi Mahakama Kuu. Fundi akaachiwa huru, Serikali ikaamriwa imlipe, na tangu hapo kila anayepangwa kwenye mstari ule anavua viatu, askari kwa mahabusu. Tulishangilia hadi mlinzi akapanda ngazi kutukemea, akaambiwa habari, akashangilia kutuzidi.

Mama Rudia mwenyewe alikuwa amenuna. Fidia imelipwa, sawa, lakini mtaani fundi bado aliitwa mwizi, na hakuna aliyempelekea kitambaa. Akaibana wizara mpaka kamanda wa polisi akaenda kuomba radhi kwa kipaza sauti mbele ya kibanda cha fundi, pale pale alipotiwa pingu. Kamanda hajamaliza kusema, muuza maziwa akapenya katikati ya watu, akamkabidhi fundi kitambaa cha gauni huku analia. Kufikia jioni foleni ya wateja ilikuwa imefika barabarani. Sijawahi kujivunia ofisi hii kama siku ile.

Tangu hapo fundi amekuwa akiomba amshonee Mama Rudia gauni, na jibu ni lile lile: mtumishi wa ofisi hii hapokei zawadi ya mlalamikaji. Basi, Ijumaa saa kumi utumishi unakoma. Fundi ameshaomba kiti cha mbele ukumbini, na anakuja na futi yake shingoni.

Mama, asante kwa kazi uliyotufanyia sote. Tunakuombea afya tele na raha uliyoitolea jasho. Sasa nyoosha mikono, upimwe.