Mikono ya Kushoto Mitupu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninasoma kwenye karatasi, mnivumilie. Nikiinua macho nitasahau nimefika wapi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Koboko. Hakuna aliyenifundisha. Nilifumua nguo kuukuu kule kwetu Abuku mpaka nikajua zilivyoshonwa. Mshono mmoja ukipinda, nilikuwa nafumua gauni zima, na nilidhani hiyo ni sifa.

Kisha bodaboda iliyonibeba kutoka Arua ikaanguka, nikagonga kichwa. Daktari alisema ubongo umeumia pale panaposhika mambo mapya. Ya zamani yamebaki, na vidole bado vinajua kushona. Lakini ya asubuhi, ikifika mchana, yamekwenda. Najua haya kwa sababu niliyaandika kwenye daftari.

Ndugu zangu, nilificha! Nilijiandikia kiganjani kwa kalamu: umekula, umemsalimia jirani, umefunga mlango. Nikanawa, yakafutika. Kuishi kila saa kama mgeni kunachosha, jamani.

Hapo ndipo Mama Kiden, kiongozi wa kwaya yetu, aliponiletea satini ya zambarau nishone magauni kumi na mawili ya Pasaka. Nikampima. Nikampima tena. Mara ya tatu akacheka: "Mutoto yangu, kiuno yangu iko ile ile ya asubuhi! Ama nimenenepa hapa hapa?"

Nikasema nahakikisha tu. Nilidanganya.

Hayo niliyaandika daftarini; yanayofuata nimesimuliwa. Alirudi wiki ya Pasaka, akanikuta sakafuni katikati ya mikono ishirini na minne ya magauni, yote ya kushoto. Nilikata ya kushoto, nikasahau, nikakata ya kushoto tena. Satini haigeuzwi, upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa nafunga cherehani kwa shuka, niiuze, nirudi Abuku nisiguse tena nguo ya mtu.

Nikamwambia yote.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtanifukuza, mama."

"Sisi? Sauti ya kwanza wanasahau maneno kila Jumapili, nani anafukuza wao? Fungua hiyo shuka."

Tangu siku ile mama mmoja wa kwaya huja kukaa dukani kwangu. Anachambua maharage yake, ananiambia: "Hiyo umeshakata. Sasa kulia." Walinunua kitambaa cha njano. Tazameni kwaya: mkono wa kushoto zambarau, wa kulia njano. Unaniumiza macho hata sasa. Sijaufumua.

Sitawadanganya mbele ya madhabahu. Niliombewa, na kumbukumbu haijarudi. Ninachoka. Kuna siku nalia, kisha sijui nililia nini. Lakini ile hofu ya kuonekana nimekosea, Bwana amenifungua! Hakusubiri nikamilike. Alimtuma mwanamke mwenye ungo wa maharage.

Ewe mwamini unayeficha udhaifu wako, sikia. Mwambie Bwana, halafu mwambie mtu mmoja, leo, kabla hujafunga cherehani yako.

Nimefika mwisho. Chini ya karatasi hii kuna mwandiko wa Mama Kiden: "Umesoma hii Jumapili mbili. Soma tena, watu iko nangoja."

Asante Yesu. Asanteni kwa kusikiliza kama vile ni mara ya kwanza.