Habari Ilikuja kwa Simu

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, opareta wetu wa simu atavua hedifoni kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mnamwita Mama Subiri, kwa sababu ya maneno aliyomwambia kila aliyepiga simu: "Subiri kidogo, ninakuunganisha." Sisi wachache wa zamani tunakumbuka na jina jingine alilobandikwa katikati ya safari. Tutalifikia.

Aliajiriwa kwanza kufagia korido ya wodi ya wazazi. Siku opareta wa wakati ule alipokaukiwa na sauti kwa mafua, dada wa ufagio alitumwa akakae na simu ili zisilie zenyewe. Mzee yule aliporudi alikuta nyaya zimefutwa vumbi na madaktari wameanza kusema "tafadhali". Akaona heri astaafu kwa heshima.

Chumba cha simu kimepakana na masjala: dirisha moja, benchi moja la wageni, na ukuta wa mbao nyembamba uliotufundisha sisi wa masjala mengi kuliko shule tulizokosa. Kupitia ukuta huo tulimsikia baba mmoja akipiga kutoka safarini, akitaka kuongea na mtoto wake aliyezaliwa asubuhi ile. Mama Subiri hakucheka. Alimwunganisha na wodi, akamwomba muuguzi amsogeze mtoto kwenye simu. Baadaye muuguzi alitusimulia kwamba mtoto alilia, na baba naye akalia, wakaelewana.

Swichibodi ile ina kitufe kidogo upande wa kushoto. Ukikibonyeza, unasikiliza mazungumzo ya watu. Vitufe vingine vyote vimelika kwa vidole vyake mpaka namba zimefutika. Hicho kimoja bado kinang'aa kama kilivyotoka kiwandani. Kimekuwa hapo miaka yote, na mlango wa chumba hicho haufungwi mchana, lakini siku ilipohitajika mtu akaangalie, hakwenda mtu. Umbea hauna muda wa kukagua vitufe.

Rafiki yake alikuwa fundi cherehani wa chumba cha mashuka, marafiki wa kufa na kuzikana, kama watu wasemavyo bila kufikiri. Walisali kanisa moja, na katika kikundi cha maombi cha akina mama Mama Subiri ndiye aliyeongoza sala. Mchana fundi alikuja na chai yake kwenye lile benchi. "Wewe unaunganisha watu, mimi naunganisha vitambaa," alikuwa akimwambia. "Tofauti ni kwamba vyangu havigombani."

Kisha fundi akaanza kukonda. Alikwenda kupimwa mbali, mahali ambapo hakuna aliyemjua, na majibu yakapigiwa simu hapa. Mama Subiri aliipokea, akasema maneno yake ya siku zote, akaiunganisha na chumba cha mashuka. Haukupita muda fundi akaja mwenyewe, akakaa kwenye benchi bila chai. Ulikuwa ugonjwa ule ambao siku hizo watu waliutaja baada ya kuangalia nyuma kwanza.

"Nimekwambia wewe, na jioni nitamwambia mdogo wangu," alisema, kama tulivyokuja kujua baadaye. "Wa tatu ni Mungu. Naye simwambii, anajua."

Wiki ya pili yake ndugu wa wagonjwa walianza kuleta mashuka kutoka nyumbani. Mtu mmoja aliuliza waziwazi kama sindano za cherehani huchemshwa. Mhudumu wa chai akamtengea fundi kikombe chake peke yake, akakitia alama ya rangi nyekundu ya kucha, akasema ni kwa heshima.

Mchungaji alimwita mwenyekiti wa kikundi cha maombi, mama mwingine, kwa kuwa maneno yalionekana kuchipukia huko. Mwenyekiti alijibu kwa ufupi: "Habari ilikuja kwa simu."

Hakuongopa. Ubaya wake ndio huo. Uongo mtupu una miguu mifupi, lakini ukiuvisha kiatu cha kweli unazunguka mji mzima. Habari ilikuja kwa simu, na hospitalini nani anakaa na simu? Kabla ya Jumapili Mama Subiri alikuwa ameshapewa lile jina jipya: Redio Mbao. Watu walipita mlangoni kwake wakiwa wamefunga midomo, kisha wakaja masjala kuifungua, wakiegemea ukuta uleule.

Fundi alikuja mara moja tu, akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake, maana miguu ilikuwa imeanza kumwacha. Hakukaa kwenye benchi.

"Nakuuliza kitu kimoja. Ni wewe?"

"Si mimi."

"Nilikwambia wewe na huyu. Huyu ndiye ananiogesha. Huyu ndiye ananilisha usiku nikitapika. Basi sema ni huyu."

Kisha ikaita simu. Tulisikia kupitia mbao sauti ya Mama Subiri, imara kuliko siku zote: "Subiri kidogo, ninakuunganisha." Tuliposikia nyayo mbili zikiondoka, moja ikikokotwa, masjala nzima ilikubaliana kwamba huo ndio ulikuwa ushahidi. Mtu asiye na hatia, tulisema, angelia.

Katibu wa hospitali, mtu wa amani kwa gharama ya mtu mwingine, alimshauri aombe radhi yaishe. Alimjibu: "Nikiomba radhi kwa nisilotenda, nitakuwa nimesema uongo, tena nimeuvalisha nguo ya toba. Mungu atanisikia akashangaa." Hakuhamishwa, si kwa huruma, ila hakukuwa na mwingine aliyeiweza ile mashine.

Kanisani aliondolewa kuongoza sala. Palihubiriwa juu ya ulimi, na juu ya amri ile ya kutomshuhudia jirani uongo, huku macho yote yakiwa mgongoni mwake. Wakitoka, jirani yake alimuuliza ameyaonaje mahubiri. "Mazuri sana," alisema. "Yamekosea benchi tu." Tangu hapo akahamia benchi la nyuma kabisa. Wakasema ni aibu. Yeye alisema kule nyuma kuna upepo, na akaendelea kwenda kila Jumapili, jambo ambalo lilituudhi. Msengenywaji asipokimbia humnyima msengenyaji raha yake.

Fundi alifariki mvua za mwaka uliofuata, akiwa amemkasirikia rafiki yake. Alikuwa ameacha neno kwamba opareta asikaribie jeneza lake. Mama Subiri alilitii. Alisimama nje ya uzio wa makaburi, upande wa barabara, na wimbo ulipoanza aliimba sauti ya pili huko huko alikokuwa, peke yake. Kufa kukaja, kuzikana kukashindikana. Alasiri alirudi kazini. Simu za rambirambi zilipoingia moja baada ya nyingine, yeye ndiye aliyeziunganisha na chumba cha mashuka.

Hayo ni ya zamani, na kwa desturi ya wasifu kama huu yangerukwa. Tungeandika kwamba alikuwa mchapakazi na mpenda watu, tukapiga makofi, tukala. Ila tangazo la kumuaga lilipobandikwa getini, mwanamke mmoja mwenye mvi alikuja masjala akaomba kiti. Ni mdogo wa marehemu.

Alisema kwamba siku ile alipoambiwa, hakulala. Kesho yake mchana alikuja hospitali kumchukua dada yake, sisi wa masjala tukiwa mkutanoni na ukuta wetu umepumzika. Akamwomba Mama Subiri laini. Akampigia mwenyekiti wa kikundi, akiwa amesimama pale pale kando ya swichibodi, akilia: mwombeeni dada yangu, ana kadha wa kadha. Mama Subiri alinyoosha mkono akate, akawa amechelewa. Mwenyekiti aliisoma habari ile kikundini kama ombi la sala. Ilipanda kama sala, ikashuka kama umbea.

"Alinitazama tu," alituambia. "Akaniambia: usimwambie dada yako. Akijua, atakataa mkono wako, na hana mkono mwingine. Mimi ataniacha, na hatakosa chakula."

Tulimuuliza mbona baada ya mazishi hakusema. Alisema kwanza alikuwa anaogopa marehemu atasikia. Baadaye akazoea. Alikuwa akipita kanisani karibu na benchi la nyuma, akisalimiwa vizuri, akizoea. "Nilipoona anaondoka, nikaona anaondoka na mzigo wangu kwenye begi lake. Andikeni. Wekeni na jina langu."

Mchungaji wa wakati ule amekwisha kuhama, na mwenyekiti amekwisha kufa. Wa kumwomba Mama Subiri radhi, kwa hiyo, tumebaki sisi tulioegemea ukuta, na tunaomba hapa, kwa maandishi, tukijua kwamba jina la mtu likishachafuliwa mjini haliendi kwa dobi likatoka vilevile. Miaka yake imekwenda. Rafiki yake hatafufuka leo kusoma jarida hili.

Kama ilivyo ada tulimpelekea rasimu aipitie. Jina la yule mdogo wa marehemu amelikata kwa kalamu, akaandika pembeni: "Ana wajukuu." Kile kifungu cha radhi yetu hakukigusa wala hakukisifu. Zaidi ya hapo aligusa mahali pamoja tu. Tulikuwa tumeandika kwamba fundi alikufa akimchukia. Amekata neno hilo, akaandika: "Alikufa amenikasirikia. Adui ndiye huchukiwa."

Tumesahihisha.

Swichibodi inaondolewa wiki hiyo hiyo. Itafungwa mashine inayojibu yenyewe, isiyo na masikio wala rafiki, na kwa hiyo haitasingiziwa chochote. Mama Subiri, asante kwa kila sauti uliyoifikisha, na kwa ile moja uliyoinyamazia. Nenda ukapumzike kwako, mlango wako ugongwe na watu wema, na simu ikilia nyumbani humo, baada ya miaka yote hii, iwe ni yako.