Mkono wa Sweta la Ellis

Apa kwanza. Sema, "Nikimwambia mtu, chai yangu ipoe kikombeni maisha yangu yote." Umesema? Haya, sogea. Muuaji ni mjukuu wangu. Usiruke! Ni muuaji wa kwenye televisheni, ile tamthilia ya kasisi aliyechomwa kisu kanisani, wanayoipiga picha sasa hivi huko Lytham. Ellis aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu ilibidi, na akanionya: siri ikivuja, wanaandika mwisho upya na uuaji anapewa mtu mwingine. Nikaapa, mkono juu ya birika. Mimi, Noreen, ambaye hata sindano ya daktari nikichomwa lazima mtaa mzima ujue nimechomwa wapi.

Sasa benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo kwa mashine, hapa Fleetwood, mkabala na kituo cha tramu. Tumelipenda kwa sababu lile bomba la mashine ya kukaushia nguo linatupulizia joto mgongoni, wala hatulipii. Siku hiyo tulikuwa wanne na chupa ya chai. Hilda tunamwita Chumvi, kwa sababu ya chipsi zake na habari zake. Wilf ni Jaji, maana hutoa hukumu kabla mpelelezi hajavua koti. Clifford ni Kengele, aliendesha tramu mpaka akastaafu, na mdomo wake bado haujastaafu.

Hilda akafungua gazeti lenye picha za tamthilia ile.

— Noreen, kijana wako huyu hapa! Kavaa sweta, mikono imemfika kwenye kucha.

— Ni maiti huyo, akasema Jaji. Nimeshaamua.

— Maiti gani anasimama wima?

— Maiti mtarajiwa. Si ndiyo kazi yake?

Kazi ya Ellis unaijua? Alianza kwenye karatasi za mitindo ya kufuma, zile zenye picha zinazouzwa pamoja na nyuzi, kasimama kakumbatia uzio, kavaa fulana ya sufu, anatazama mbali kama anayedai ng'ombe wake. Nilinunua nyingi hata mwenye duka akadhani nimefungua kiwanda. Halafu wakamchukua kwa tangazo la soksi, miguu tu. Nikawaambia watu, "Kisigino kile ni cha ukoo wetu." Alipoingia uigizaji, wakawa wanamuua. Kauawa shambani, kauawa kwenye bafu, kauawa ziwani.

— Ya ziwani alilala vizuri, akasema Kengele, mpaka alipopiga chafya.

— Ulikuwa upepo.

— Upepo uliotokea puani, Noreen?

Wakacheka, nami nikacheka, maana majirani wote waliiona chafya ile sebuleni kwangu, nilipowaalika waje kumwona nyota.

— Muuaji ni mjane wa kasisi, akasema Jaji. Mwanamke hawezi kulia na kofia imekaa sawa hivyo.

— Ni askofu, akasema Kengele. Ana gari safi mno.

— Wewe kila mwenye gari unamchukia. Kasisi kajichoma mwenyewe, akasema Hilda. Alisikia mahubiri yake.

— Hajafa! akadakia Kengele. Yule ni pacha wake. Kasisi mwenyewe yuko Hispania, anaota jua.

— Na mbwa je? akauliza Jaji. Hamjamwona mbwa anavyotazama?

Nikanywa chai. Nikauma ulimi. Niliona fahari, wallahi, nimenyamaza kwa muda ambao sijawahi kunyamaza tangu niolewe. Wangesema mbwa, wangesema malkia wa kale, mimi kimya. Sindano zangu zilikuwa zinakwenda tu mapajani, nilikuwa namalizia sweta la pili kama lile la gazetini, la akiba, kwa sababu la kwanza litachafuliwa damu ya uongo.

Ndipo Hilda akalisogeza gazeti karibu na pua.

— Lakini kusema kweli, shoga, hii mikono! Ulikuwa unamfumia sokwe?

— Macho yamekwisha, akasema Jaji. Siku hizi anahesabu mishono kwa kubahatisha.

— Na mkono huo wa mapajani nao ni mrefu! akasema Kengele. Maskini Noreen.

Maskini! Nitukanieni mjukuu, sawa, nimezoea. Lakini mimi niliyewavalisha soksi watoto wa nusu ya mji huu, niambiwe sijui kupima mkono?

— Ni mrefu makusudi! nikasema.

— Makusudi ya nini?

— Nipe hicho kisu.

Hilda alikuwa na kisu cha siagi, alikuwa anatukatia mkate wa zabibu. Nikakinyakua. Nikatumbukiza mkono wangu kwenye mkono wa sweta, nikakisukumia ndani.

— Tazameni, vipofu ninyi. Ndani nimefuma mfuko. Kisu kinakaa hapa, hakuna anayekiona. Anakwenda kwa kasisi kama anayempa pole, anamkumbatia hivi…

Nikamkumbatia Jaji.

— … na mkono unashuka, na kisu hicho!

Kikatoka vizuri ajabu. Hata mimi nilijipongeza. Kisha nikaona nyuso zao. Jaji akasema taratibu, mdomo umejaa mkate:

— Kwa hiyo… ni Ellis?

— Samahani, ikasema sauti nyuma yetu.

Msichana, kitambulisho shingoni, mfuko wa nguo begani.

— Natoka idara ya mavazi ya tamthilia. Nani kati yenu ni Bibi Noreen, mwenye kufuma? Tumekuja kuchukua sweta.

Jaji alitazama reli. Hilda alifunika bati la mkate kama kwamba ndilo lililosema. Kengele, ambaye hajapata kukosa neno, akaitikisa chupa kusikiliza kama kuna chai. Mimi nilikuwa na sweta hadi kwenye kiwiko, ncha ya kisu kwenye kizibao cha Jaji.

Msichana akasogea kando, na nyuma yake nikamwona Ellis, uso mweupe kuliko siku ile ya ziwani.

— Bibi, akasema. Shusha kisu.