Sentensi ya Margareth

Lori lilitoka Msanzi kwenda Sumbawanga. Fransiska alikaa juu ya magunia ya ulezi, karibu na mwalimu mmoja na mwanafunzi wake wa kidato cha tatu.

"Margareth, nilikupa neno la Kiingereza la kuhama, ulitungie sentensi," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Ukaandika kwamba mlihamishwa mvua ikinyesha, bibi yako akafia njiani."

"Ndivyo ilivyokuwa, Mwalimu. Kuna kosa la sarufi?"

"Hakuna. Ila tunga nyingine. Andika kwamba ndege huhama wakati wa baridi."

"Sijawahi kuwaona wakihama."

"Binti, mkaguzi akiisoma hii, mimi na wewe hatuna shule."

Fransiska alijifunika kanga usoni. Naye alibomolewa nyumba masika yaleyale, serikali ilipowahamishia watu kwa nguvu kwenye vijiji vya ujamaa, akatembea na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto hakufika kijiji kipya akiwa hai. Hakuwahi kusikia mtu akilitaja jambo lile mbele za watu.

Lori liliposimama Milanzi, mwalimu alimpa Margareth kifutio, akashuka.

"Mwanangu," Fransiska alisema, "kabla hujaifuta, nisomee."

Margareth akamsomea. Fransiska hakuelewa hata neno moja la Kiingereza kile, lakini alilia mpaka walipofika Sumbawanga na utingo akamwambia ashuke.