Fundi Dirisha, Aliyebomoa Chumba Chake

Marehemu, kaka yetu tunayemsindikiza leo, alizaliwa mwezi wa tatu mwaka 1949, asubuhi ya mvua kubwa, katika chumba cha nne kutoka bombani, upande wa mashariki wa lile jengo la vyumba vya kupanga ambalo wengi wenu mnalijua. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mchukuzi wa magunia na mkewe mfua nguo. Baada yake walizaliwa wawili ambao hawakukaa, kisha nikazaliwa mimi, kitinda mimba. Watoto wake wameniomba mimi, shangazi yao, niandike wasifu huu, kwa kuwa ndimi niliyemjua muda mrefu zaidi. Wamesahau kwamba ndimi pia ninayependa kusema kuliko wote katika ukoo huu. Wamenipa ukurasa mmoja. Tutaona.

Jengo lile lilikuwa na safu mbili za vyumba zilizopeana mgongo. Kila chumba kilikuwa na mlango mbele na ukuta nyuma, basi. Dirisha halikuwepo, kwa sababu dirisha linataka nafasi nje yake, na mwenye nyumba kila alipoona nafasi aliona chumba. Mlango ukifungwa, mnapumua hewa mliyokwisha kuipumua. Mama yetu aliugua kifua kikuu humo ndani, na humo ndani akafariki mwaka 1964, akiwa bado kijana. Wapo waliosema karogwa. Wapo waliosema ni uchafu, na huyo mama ndiye aliyekuwa akiwafulia nguo zao.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini mwandiko wake, mwalimu alisema, ni kama kuku kapita kwenye tope. Mama alipofariki aliacha shule akaenda kujifunza uashi kwa fundi mmoja mzee, mtu mkali wa maneno lakini mwepesi wa kugawa chakula chake. Huko alishika mwiko na hakuuweka chini kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka 1966 nikaanza kukohoa mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Kila mtu chumbani aliujua mwisho wa kikohozi kile, maana walikwisha kukisikia. Baba alikaa mlangoni akajishika kichwa. Kaka, ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kumtoka, alimwambia, "Baba, huyu haendi. Nasema haendi."

Nataka ieleweke kwamba ugonjwa ule haukuwa wa maskini peke yao. Mtoto wa mwenye nyumba, rika langu, aliupata mwaka uleule. Tulikutana kwenye benchi la zahanati, yeye na viatu vyake, mimi na kandambili za kaka. Muuguzi wetu alikuwa mmoja, sindano moja, vidonge vilevile, na wote wawili tulilia kwa sauti ileile. Tofauti ilianza tukishatoka mlangoni. Yeye alirudi kwenye chumba chake mwenyewe, kwenye mayai na maziwa. Mimi nilirudi kulala na watu wengine wawili kwenye giza, na siku ambayo baba alinisindikiza zahanati ilikuwa siku ambayo hakubeba gunia, kwa hiyo jioni tulikunywa chai bila kitu. Baada ya miezi michache mwenzangu akanenepa mashavu. Mimi nikawa napungua, na muuguzi akawa ananiangalia kwa huruma ambayo hata mtoto anaielewa.

Muuguzi huyo ndiye aliyemwambia kaka, "Dawa anameza vizuri. Hewa anapata wapi?"

 Kaka alirudi nyumbani akachukua nyundo na patasi za fundi wake bila ruhusa. Sisi sote tuliamini kwamba nyuma ya ukuta wetu kuna kichochoro, kwa kuwa ukisimama mwisho wa jengo uliona kinaanza, na mlango wa bati umefungwa kwa kufuli. Kumbe kile kilikuwa kijistoo cha mwenye nyumba cha kuwekea makopo ya rangi. Nyuma yetu palikuwa na ukuta mmoja tu, na upande wa pili watu. Kaka akagonga, akagonga, tofali likaangukia upande ule, vumbi likatulia, na kwenye tundu akatokea mzee mmoja ameshika kikombe cha chai kilichojaa mchanga.

"Kijana," yule mzee alisema, "hodi hupigwa mlangoni."

Nyuma yake msichana mmoja alicheka hadi akaketi chini.

Muuguzi alipopita kututazama, hakucheka. "Humo ndani mna watoto wadogo," alimwambia kaka. "Kikohozi cha dada yako umekifungulia njia ya kwenda kwao. Ziba, na uzibe leo." Kaka akaziba. Yule msichana alimpokezea maji ya kukorogea udongo kupitia tundu lilelile, na hapo ndipo walipoanza kuzungumza. Nimeishi na waashi maisha yangu yote, lakini sijawahi kuona tofali likiwekwa polepole kama lile la mwisho.

Basi dirisha likashindikana. Wakati huo fundi mzee na vijana wake walikuwa wanamjengea mwenye nyumba makazi yake mapya kule mlimani, nyumba kubwa, kuta zimesimama, paa limeezekwa, madirisha bado hayajatiwa fremu wala vioo. Kaka alimwangukia fundi wake, akaomba awe mlinzi wa pale na alale na mimi huko. Fundi alimtazama akasema, "Mwenyewe akiuliza, mimi sijui. Macho yangu siku hizi ni mabovu." Alinipa na blanketi lake. Kwa hiyo mimi nililala kwenye nyumba ya tajiri kabla ya tajiri mwenyewe, chini ya dirisha pana lililo wazi, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Fundi alikuwa ananiletea yai kila alipopata. Vidonge vilikuwa vilevile vya siku zote, ila safari hii vilinikubali. Siku walipokuja kutia vioo, nilikuwa naruka kamba sebuleni.

Mwaka 1973 marehemu alimwoa yule msichana wa nyuma ya ukuta. Bibi harusi alitolewa kwao upande wa magharibi, akazungushwa jengo kwa vigelegele, akaingizwa kwetu upande wa mashariki. Ilikuwa safari fupi kuliko zote za maharusi, na bado kaka alichelewa. Tangu siku hiyo hadi anafariki hakumwita mke wake kwa jina lingine isipokuwa "Jirani." "Jirani, chai ipo?" "Jirani, kofia yangu umeiona?" Mungu aliwajalia watoto watatu, wote wako hapa, wote wana vifua vizima na midomo mirefu kama ya baba yao.

Katika kazi yake marehemu alijulikana kwa msimamo mmoja uliomkosesha kazi nyingi. Chumba cha kulala watu hakukijenga bila madirisha mawili, moja la kuingizia hewa na moja la kuitolea. Wenye viwanja walimwambia ni vyumba vya kupangisha tu. Yeye alijibu, "Wanaopanga nao wana mapua." Kazi ikaenda kwa mafundi wengine, naye akarudi nyumbani na mwiko mkavu. Wifi yangu alikuwa anashona nguo, na kuna miezi ambayo cherehani ndiyo iliyolisha nyumba. Siku moja alimuuliza mbele yangu, "Hivi mimi nimeolewa na mwanamume au nimeolewa na dirisha?" Kaka alisema aisifuye mvua imemnyea. Wifi akasema sawa, lakini mvua haipikwi. Walicheka, wakala tulichokuwa nacho.

Na wao wenyewe, mtashangaa, waliendelea kuishi chumba kilekile cha nne kutoka bombani. Uwezo wa kuhama haukuwepo, na alipoupata kidogo alisomesha watoto. Ila mlango wake haukufungwa mchana, na watoto wake walilala barazani kila hali ya hewa iliporuhusu. Wapangaji wengine walikuwa wanabadilika, kikohozi hakikuhama. Mwaka 2002 mtoto wa mshona viatu, chumba cha tatu kutoka kwetu, alifariki kwa ugonjwa uleule uliomchukua mama. Alikuwa na miaka minne. Marehemu ndiye aliyemchimbia kaburi. Aliporudi, alikaa barazani siku nzima bila neno, na mtu aliyemjua kaka yangu anajua jinsi hilo lilivyokuwa zito.

Mwaka 2004 mwenye nyumba alikuwa ameshafariki, na mwanawe, yule mwenzangu wa benchi la zahanati, ndiye aliyerithi. Mtaani tunamwita Bosi Mdogo ingawa ana mvi nyingi kuliko mimi. Alimwita kaka akamwambia, "Fundi, paa linavuja, sakafu imechimbika. Nirekebishie, upake na rangi milango yote, ipendeze."

"Nyumba njema si mlango," kaka alimjibu. "Nikuulize kitu, Bosi. Ule mwaka ulioumwa pamoja na mdogo wangu, ulikuwa unalala wapi?"

"Chumbani kwangu, kwenye nyumba yetu ya zamani."

"Kitanda kilikaa upande gani?"

"Dirishani. Mama alikisogeza mwenyewe." Kisha akauliza, "Na yeye alilala wapi?"

"Kwako. Kule mlimani, kabla hamjahamia. Chumba kilichokuja kuwa chako, kabla hakijatiwa vioo."

 Bosi Mdogo alicheka, akafuta macho, akasema, "Kumbe alinitangulia! Haya, niambie unataka nini."

Alichotaka marehemu kilikuwa kikubwa. Kila baada ya vyumba viwili, kimoja kivunjwe pande zote mbili, ili upepo upite katikati na kila chumba kitakachobaki kipate dirisha. Waliovunjiwa wajengewe vingine kwenye uwanja ambako malori ya Bosi Mdogo yalikuwa yanalala. Bosi Mdogo alishika kiuno akasema, "Fundi, unanijengea au unanibomolea?" Lakini alikubali, na malori akayatafutia pengine. Leo yuko hapa nasi, na namshukuru mbele ya watu.

Wapangaji ndio waliokataa. Nani akubali kubomolewa kwanza kwa ahadi ya chumba ambacho hakijasimama? Ahadi za kujengewa walizisikia tangu enzi za baba yake. Kazi ikakaribia kufa. Hapo kaka akasema, "Tuanze na changu." Chumba cha nne alichozaliwa, na alichofia mama, na nyuma yake kile cha wakwe zake. Wifi yangu alikasirika sana. Aliuweka mkono kwenye ule ukuta akasema, "Huu ndio ulionipa mume." Kaka hakubishana. Alikaa chini akasubiri, na hakuwa mtu wa kusubiri. Mwishowe wifi alijifunga kanga, akasema, "Haya. Lakini tofali la kwanza nalitoa mimi." Akalitoa. Wote wawili wakalala kwenye turubai uwanjani kwa msimu mzima, pamoja na mitungi na cherehani, mpaka vyumba vipya viliposimama, na wao wakaingia mwisho. Wengine walipoona hivyo, nani angebaki kushikilia mlango?

Pale palipokuwa chumba chetu sasa ni njia ya upepo, watoto wanachezea mpira na wanavunja vioo ambavyo marehemu alivirudishia bila kununa. Mshona viatu alipata mtoto mwingine. Ni huyu binti aliyewagawia karatasi hizi mlangoni.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021. Alitibiwa hospitali ya wilaya, akasifia wauguzi, akakosoa namna madirisha ya wodi yalivyofungwa. Mwaka huu alidhoofika, na daktari alituambia kwa upole kwamba ni uzee. Nilifurahi, mtanisamehe. Katika safu zile mbili, uzee ulikuwa ugonjwa wa watu wa mlimani.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 2023, alimwambia mkewe, "Jirani, leo funga hilo dirisha. Baridi."

"Nimesikia vizuri?"

"Umesikia. Usiwaambie watu."

"Nitawaambia wote," wifi alisema, na ndiye aliyeniagiza niandike. Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Alilifunga, akamfunika shuka, akaketi karibu yake. Marehemu alilala usingizi, na saa ya adhuhuri hakuamka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mjane mmoja, Jirani yake, watoto watatu, wakwe, wajukuu, na kitukuu mmoja wa miezi miwili anayelia vizuri kama mnavyomsikia. Ameacha safu mbili za majirani zenye madirisha. Ameacha na mdogo wake mmoja, mimi, ambaye nimesoma wasifu huu tangu mwanzo hadi hapa bila kukohoa.

Kaka, nakushukuru. Pumzika kwa amani.